Boliti si boliti: uzoefu wangu na karakana iliyonitengenezea beringi ya boti ya baba

Nilikusudia kuandika maneno machache tu ya kuwaonya wenye vyombo vya zamani wasipeleke kazi yao kwenye karakana fulani ya kuchonga vyuma mjini Kampala. Jina lake nitalihifadhi, kwa sababu ambazo zitaeleweka mbele kidogo. Onyo hilo nimekwisha kuliandika mara tatu na mara tatu nimelifuta. Hili la nne nitaliacha lilivyo, pamoja na hasira zake, maana nimechoka kulibembeleza.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa mitambo katika vyombo vya ziwani, enzi ambazo mabaharia wa Port Bell, Kisumu na Mwanza walielewana kwa Kiswahili, na ndiyo maana sisi watoto wake, tuliozaliwa Jinja katikati ya Wasoga, tulikua tukikizungumza nyumbani. Alituachia boti ya chuma, injini ya Gardner iliyotoka Manchester kabla mimi sijazaliwa, na masanduku mawili ya spana. Sifa za injini hiyo sitazieleza; anayeijua anaijua, na asiyeijua atazisoma kwingine. Tena injini haina kosa lolote katika habari hii. Kilichonitoa machozi ni kitu kidogo zaidi, kinachokaa kati ya injini na rafadha (propela), nacho ni beringi ya msukumo.

Rafadha inapoyasukuma maji nyuma, maji nayo huisukuma rafadha mbele, na msukumo huo hupita kwenye shafti, ule mhimili unaoizungusha rafadha, kuelekea injini. Beringi hiyo ndiyo inayoupokea na kuukabidhi kwa mbavu za boti; bila hiyo, injini ingelazimika kuisukuma boti kwa kifua chake. Ya kwetu ni kasha la chuma cha kalibu lenye nusu ya chini na mfuniko, na ndani yake kuna metali nyeupe, yaani ule mchanganyiko laini wa bati, antimoni na shaba ambao hukubali kuumia ili shafti isiumie. Metali ile ilikuwa imelika. Ilihitaji kuyeyushwa na kumiminwa upya, kisha kukwanguliwa kwa mkono hadi ikae sawasawa na shafti, na mwisho mfuniko urudishwe kwa stadi zake nne. Stadi hizo, kwa asiyezijua, ni boliti zisizo na kichwa, ambazo upande mmoja huzama ndani ya kasha na upande wa pili hupokea nati.

Niliyaandika hayo yote kwenye karatasi, kwa mchoro. Nimefundisha uchoraji wa kiufundi shuleni kwa zaidi ya miaka ishirini, na sidhani kama ninajisifu nikisema kwamba mchoro wangu ulisomeka. Chini yake niliandika kwa herufi kubwa: STADI ZA ZAMANI ZIRUDISHWE. Waliniahidi wiki moja, zikapita tano au sita. Hilo silihesabu kuwa kosa. Mvua ilikuwa nyingi, umeme ulikatika mara kwa mara, na mimi mwenyewe sikuwa na haraka. Kijana mmoja akanikabidhi mzigo ukiwa umefungwa vizuri ndani ya gunia, nikalipa shilingi 480,000 bila kuomba kupunguziwa, nikauweka chini ya kiti cha taksi, nikarudi Jinja nikiwa na furaha ya bibi harusi.

Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipofungua sanduku la spana. Nilichukua spana ya baba iliyoandikwa nusu ya Whitworth, yaani nusu inchi ya kipimo cha zamani cha Kiingereza, nikaiweka juu ya kichwa cha boliti, ikazunguka bure kama bangili ya mtu mzima kwenye mkono wa mtoto. Kwanza sikuelewa. Stadi hazina vichwa, sasa hiki ni kichwa cha nini? Nikatazama tena. Stadi zote nne zilikuwa zimeng'olewa, na mahali pake zilisimama boliti nne mpya zinazong'aa, za nusu inchi, za kipimo cha Kimarekani.

Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa sababu kosa lote liko hapa. Ukiacha ukubwa wa kichwa, nusu inchi ya Mwingereza na nusu inchi ya Mmarekani zina unene mmoja, na ukizishika kiganjani huwezi kuzitofautisha. Tofauti imo kwenye nyuzi, ile mikato inayoizunguka boliti. Joseph Whitworth, alipopendekeza kipimo chake mwaka 1841, alizipa nyuzi pembe ya nyuzijoto, samahani, ya digrii 55 (tazama jinsi hasira inavyonichanganyia maneno), na boliti ya nusu inchi akaipa nyuzi 12 katika kila inchi. Mmarekani William Sellers akaja mwaka 1864 na pembe ya digrii 60, na nusu inchi yake ina nyuzi 13. Kumi na mbili na kumi na tatu! Ukiingiza boliti ya Kimarekani kwenye tundu la Whitworth itakubali mizunguko miwili au mitatu, hata utaanza kujipongeza, kisha itagoma. Fundi mwenye akili hapo huitoa na kuitazama. Fundi asiye nayo hutia bomba kwenye mpini wa spana na kuning'inia.

Walining'inia. Nilipozifungua boliti zile, zilitoka na punje nyeusi za chuma zinazofanana na unga wa kahawa iliyoungua, na unga huo ulikuwa nyuzi za kasha la baba yangu. Matundu mawili yalikuwa yameharibika kabisa, mawili yakiwa majeruhi. Usiku huo nililala nikiamini pia kwamba mfuniko umepasuka sikioni, na asubuhi nikawapigia ndugu zangu wote kuwaeleza juu ya ufa huo. Kulipokucha vizuri niliusugua kwa mafuta ya taa nikakuta ni mkwaruzo wa rangi. Sikuwapigia tena kusahihisha.

Siku mbili tatu baadaye nilirudi Kampala na gunia langu. Msimamizi wa karakana, mtu mzima mwenye mvi, hakuniambia hata karibu. Nikampa pole ya kazi, akaitikia kwa kidevu. Nikaweka boliti yake mezani, nikaweka na kipimo changu cha nyuzi kando yake, nikaanza kueleza kama ninavyowaeleza wanafunzi. Nilipouliza stadi zangu ziko wapi, alisema zilikuwa na kutu wakazitupa kwenye vyuma chakavu. Kisha akaninyooshea kidole, kidole chenye ukucha uliojaa rangi ya buluu kama ya karani aliyemwagikiwa na wino, akasema mbele ya vijana wake wote:

“Mama, boliti ni boliti. Njoo na mzee wa nyumbani, tutaelewana naye.”

Vijana walicheka. Si wote, lakini waliocheka nilizihesabu sura zao. Mzee wa nyumbani, kama alimaanisha mume, sinaye. Kama alimaanisha baba, yuko kaburini, na angefufuka akaziona boliti zile angeomba kurudi. Ningeweza kumjibu hivyo. Badala yake nilisema “asante”, kwa adabu niliyolelewa nayo, ambayo siku ile ilinichukiza, nikabeba mzigo wangu wa kilo zisizopungua kumi na tano na kuondoka. Taksi iliposimama Namawojjolo, na wauzaji wakaanza kupenyeza madirishani vijiti vya kuku na gonja za moto, sikununua hata moja. Wanaonijua watapima wenyewe hasira yangu ilikuwa ya kiasi gani.

Njiani nilikuwa nikiikumbuka ile meli ya Kijerumani ya Ziwa Tanganyika, ambayo leo inaitwa Liemba. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikavunjwa vipandevipande, ikapakiwa masandukuni, ikaunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 wenyewe wakaizamisha ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoiibua mwaka 1924 walikuta mitambo ingali mizima, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Watu waliokuwa wakishindwa vita walipata muda wa kuihurumia mashine ya kukabidhiwa maji, na huyu, mwenye paa juu ya kichwa na chai mezani, hakupata dakika moja ya kuhesabu nyuzi kumi na mbili.

Kufikia hapo hukumu yangu ilikuwa imekamilika, na lau ningeiandika siku ile msingekuwa na haja ya kusoma zaidi.

Hapa Jinja, upande wa Masese, yuko mzee mmoja ambaye bado ana tepu za Whitworth za kukatia nyuzi, amezifunga kwenye kitambaa chenye mafuta kama mtu anayehifadhi meno ya dhahabu. Nilimpelekea kasha. Aliyapanua matundu yote manne, akakata ndani yake nyuzi kubwa zaidi, akazamisha vizibo vya chuma cha pua, kisha akavitoboa vizibo hivyo katikati na kukata nyuzi upya kwa kipimo cha zamani. Stadi nne mpya alizichonga kwa siku moja. Kazi yote ilinigharimu shilingi 120,000, na maneno yake yote kwa siku tatu hayakufika hamsini.

Ila siku ya mwisho, alipokuwa akijaribu mfuniko, aliugeuza akatazama metali nyeupe kwa muda mrefu. Akapitisha kidole. Akaomba shafti, akaipaka rangi yake ya buluu nyembamba kama ukungu, akaiweka, akaizungusha, akaiinua. Anayekwangua beringi huitumia rangi hiyo imwonyeshe mahali palipoinuka: panapogusa hubaki buluu, napo ndipo pa kukwangua, tena na tena, mpaka madoa yaenee kila mahali. Madoa yalikuwa yameenea kila mahali, madogo, yaliyolingana, kama mvua ya kwanza juu ya vumbi. Alichomeka geji ya unene kwenye uwazi wa juu. Shafti yetu ni ya inchi mbili, na kanuni ya wazee ni uwazi wa sehemu moja ya elfu ya inchi kwa kila inchi ya unene. Geji ya sehemu mbili za elfu iliingia kwa kusitasita, ya sehemu tatu ikakataa.

Mzee akapiga mbinja. “Nani amekwangua hii, dada?”

Nikamwambia ni watu wa Kampala, wale wale wa boliti.

“Haiwezekani,” akasema. “Mtu huyu hawezi kuwa yule.”

Ndipo nilipoukumbuka ule ukucha. Sikuwa nimeoneshwa kidole cha karani. Rangi ile ya buluu, niliyoifundisha darasani miaka nenda miaka rudi, nilikuwa nimeitazama usoni nisiitambue, kwa kuwa mwenye nayo alikuwa akinitukana. Nilimpigia simu yule kijana aliyenikabidhi gunia (si mmoja wa waliocheka), naye akanihakikishia: msimamizi mwenyewe ndiye aliyeikwangua beringi, alikaa nayo siku mbili nzima bila kumruhusu mtu kuigusa, kisha akaitwa kwenye kazi nyingine, na kuifunga akawaachia wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Sasa nifanye nini na habari kama hiyo? Nimejaribu kuendelea kumchukia kikamilifu na sifaulu. Usiku mwingine hata humtetea. Whitworth na Mmarekani wanapatana idadi ya nyuzi karibu katika vipimo vyote vya kawaida: robo inchi ni 20 kwa 20, tatu ya nane ni 16 kwa 16, tano ya nane 11 kwa 11, robo tatu 10 kwa 10. Wanapogombana ni kwenye nusu inchi. Mtu anaweza kufanya kazi miaka mingi akifunga hizi kwenye matundu ya zile, pembe zikikwaruzana kidogo tu, asipate balaa lolote, na moyoni akathibitisha kwamba boliti ni boliti. Kisha asubuhi hukumbuka “njoo na mzee wa nyumbani”, na utetezi wote huo nautupa nje pamoja na majani ya chai.

Kwa hiyo anayeniuliza kama awapelekee kazi, jibu langu hubadilika kutegemea saa aliyouliza. Kwa kumimina na kukwangua metali nyeupe sijaona mkono kama ule, wala baba hakuwa nao, na kulisema hilo kumenigharimu. Kwa kufunga boliti nne, nisingewakabidhi hata kitanda cha mbao. Kuhusu adabu nimekwisha kusema. Fidia sijapewa, na nilipoidai kwa simu nilijibiwa kwamba mimi ndiye niliyefungua boliti, kwa hiyo nimevunja mwenyewe.

Tatizo ni kwamba imebaki kapilingi, kile kiungo cha kuunganisha shafti na injini, ambayo tundu lake limechongwa likisinyaa upande mmoja, na nalo linataka buluu ile ile na uvumilivu ule ule mpaka liukamate mwisho wa shafti pande zote. Mzee wa Masese ameitazama akatikisa kichwa. Macho yake, anasema, hayafiki tena huko. Akanitajia mtu mmoja tu.

Nitakwenda wiki ijayo, mvua ikipungua. Boliti za kapilingi nimezihesabu, nimezipima nyuzi moja moja, nimezifunga kwenye soksi ya baba, na hazitatoka mkobani mwangu mpaka kazi ya kukwangua iishe. Kijana nimekwisha kumwomba aniwekee kigoda karibu na jiriwa, kwa kuwa kufunga nitafunga mwenyewe.