Uzoefu wangu na kituo cha jamii cha mtaa wetu

Nimekitumia kituo hiki vya kutosha kukitolea maoni, na kwangu huduma yake iliyo bora kuliko zote ni kikundi cha kuweka na kukopa. Kinafuata utaratibu ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991: wanachama hununua hisa katika kila kikao, hukopa kulingana na akiba zao, na mzunguko, yaani kipindi cha kuweka akiba, unapokwisha hugawana fedha pamoja na faida. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu wasio viongozi, hivyo halifunguliwi ila mbele ya kikao, na fedha huhesabiwa kwa sauti kila mtu akisikia. Kwa mkopo wangu wa kwanza nilinunua cherehani, na tangu hapo sijamwendea tena mkopeshaji wa riba, yule anayechukua kitambulisho na vyombo vya ndani kuwa dhamana. Anayefiwa au kuuguliwa husaidiwa kutoka mfuko wa jamii, ambao hutunzwa mbali na fedha za mikopo.

Mafunzo ya kompyuta ni ya kawaida tu. Mashine ni chache na foleni ni ndefu.

Shule zinapofungwa, kituo huwapa vijana kazi za muda zenye malipo, kama vile kusafisha viwanja vilivyotelekezwa na kuwasomesha watoto wadogo, na kila kijana hupangiwa mlezi, yaani mtu mzima wa kumfuatilia. Mpango wa aina hiyo ulipopimwa mjini Chicago, utafiti wa Sara Heller uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba vijana walioupata walikamatwa kwa makosa ya ukatili pungufu kwa asilimia 43 katika miezi 16, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokea baada ya kazi kumalizika. Hilo ndilo ninaloliona hapa: kijana aliyezoea kufika kwa wakati na kusikilizana na msimamizi wake haachi tabia hiyo siku anapopokea malipo ya mwisho, na wazee waliokuwa wakimkwepa njiani sasa humwita kwa jina.

Dosari mbili zinaniumiza. Kituo hufungwa mwishoni mwa wiki, wakati ambapo vijana wana nafasi nyingi zaidi na vishawishi vimejaa. Pia walezi huajiriwa kwa mikataba mifupi inayotegemea wafadhili. Mlezi mmoja aliyeaminiwa sana aliondoka mkataba wake ulipokwisha, na baadhi ya vijana wake hawakurudi. Uongozi ungeanza kwa kuwalipa walezi mwaka mzima, hata kama itabidi shughuli nyingine zipunguzwe.

Ninakipa nyota nne kati ya tano. Anayetaka kujiunga na kikundi cha akiba aende mapema, kwa kuwa wanachama wapya hupokewa mzunguko mpya unapoanza.