Kampuni ya kujaza fomu za viza ya ndoa ya Marekani: nyota mbili, na hapo nimewahurumia

Jina la kampuni sitalitaja, na wala haina haja, maana wako wengi na wanafanana kama mapacha. Tovuti ina bendera, picha ya mke na mume wanacheka meno yote thelathini na mbili, na maneno makubwa kwamba hamtahitaji wakili. Unajibu maswali yao, wao wanayageuza kuwa fomu I-130, ile ya kumuombea mke au mume, na makaratasi yake, wanakurudishia uzihakiki halafu unatuma. Kwa hiyo kazi wanadai hela inayozidi ada ya serikali yenyewe, na ada ya serikali hawakulipii, unalipa mwenyewe pembeni. Hii ya mwisho imeandikwa kwa maandishi madogo sana pale chini kabisa, soma vizuri kabla hujaingiza kadi.

Hali yetu sisi ni kwamba mume wangu ana pasipoti ya Marekani, mimi sina, na wote wawili tunaishi nje ya Marekani. Kazi yake iko huku, nyumba tuliyopanga iko huku, kila kitu kiko huku. Watu wanadhani mkiwa hivyo basi mnakwenda ubalozini tu mnajaza mambo yanaisha. Zamani USCIS, yani idara yao ya uhamiaji, walikuwa na ofisi nchi mbalimbali na baadhi ya watu walikuwa wanapeleka maombi huko huko, lakini kuanzia 2019 nyingi zikafungwa na ubalozi siku hizi wanapokea I-130 kwa dharura za kipekee tu. Kwa hiyo hata kama ubalozi uko dirishani kwako unaupungia mkono, faili lazima lianzie Marekani USCIS, likikubaliwa linaenda NVC, kituo chao cha viza kule Portsmouth, New Hampshire, halafu ndio linarudi ubalozini kwa intavyuu.

Nianze na walichofanya vizuri nisionekane nina chuki. Yale maswali yao yamepangwa vizuri kuliko fomu yenyewe. Fomu ya serikali inakuuliza kitu kimoja mara tatu kwa sura tofauti, wao wanauliza mara moja wanajaza kote. Walitukumbusha I-130A, ile fomu ya upande wa mume au mke anayeombewa, ambayo watu wengi wanaisahau wanaletewa barua ya kuombwa nyongeza. Na walikuta jina langu cheti cha ndoa kina herufi moja tofauti na pasipoti wakatuambia tulieleze hilo mapema kabla halijaulizwa. Hapo nawapa heko.

Lakini sasa jiulize, hiyo kazi ni ngumu kiasi gani? Fomu ni za bure kwenye tovuti ya serikali na maelekezo yake yapo. Tena ukituma onlaini ada ni dola 625, ukituma kwa karatasi 675, ndivyo ilivyo tangu Aprili 2024. Hawa jamaa wao wanakutengenezea PDF uprinti utume kwa posta, kwa hiyo kwa kuwatumia unalipa dola 50 zaidi serikalini, halafu upate na gharama ya kusafirisha bahasha kutoka nje mpaka Marekani. Nilipowauliza kwa nini wasitufundishe kutuma onlaini wakasema mfumo wao "umejengwa kwa karatasi". Sawa.

Tafsiri ndio walinikera zaidi. USCIS wanataka kila cheti kisicho cha Kiingereza kiwe na tafsiri kamili, na aliyetafsiri aandike kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi, aweke jina, sahihi, anwani na tarehe. Basi, hakuna mhuri wa mahakama hakuna nini. Kampuni wakatuletea bei kwa kila ukurasa kama "huduma ya ziada inayopendekezwa sana" na imeili zikawa zinakuja kila baada ya siku chache, utadhani tunadaiwa. Rafiki yetu mwalimu akatufanyia, akaandika lile tamko chini, ikapita bila swali. Msitafsiri nyinyi wenyewe wahusika tu, tafuteni mtu wa pembeni anayejua kuandika.

Haya, sasa tuje kwenye penyewe, maana kwa hayo peke yake ningewapa nyota tatu nikaenda zangu.

Ukiwa unaishi nje, I-130 siyo tatizo lako. Thibitisha kwamba ndoa ni ya kweli, picha, mkataba wa nyumba wenye majina yenu yote, risiti za kutumiana hela, barua za wanaowajua, na wanandoa wanaoishi pamoja hivyo vitu wanavyo tele. Kasheshe iko kwenye I-864, ile fomu ya mdhamini anayeahidi serikali kwamba atamtunza mwenzake. Mdhamini lazima awe na domisili, yani makazi yake rasmi, Marekani. Sasa mume wangu anakaa huku na mimi, anawekaje hapo? Nikawauliza kwenye chati yao. Dada wa watu mpole kabisa akanijibu: "Hilo ni swali la kisheria, haturuhusiwi kulijibu. Naweza kukusaidia na jambo lingine?"

Na kwa kweli hajakosea. Kwa sheria ya Marekani ushauri wa uhamiaji unatolewa na mawakili, au wawakilishi waliopewa kibali na Wizara ya Sheria wanaofanya kazi na mashirika yanayotambuliwa, wengine wote wanataipu tu unachowaambia. Ila ndio ujue unalipia nini. Kile unachoweza kufanya mwenyewe wanakufanyia, kile usichoweza hawaruhusiwi kukigusa, na tovuti yao inasema hamhitaji wakili! Kwa mtu anayekaa ndani ya Marekani labda ni kweli. Kwa sisi wa nje ni kutupeleka mpaka katikati ya mto halafu mtumbwi unageuza.

Tukatafuta wakili wa ukweli, tukalipia mazungumzo ya saa moja tu, bei ndogo kuliko ya kampuni, na ile saa moja ndio iliyotuvusha. Akatueleza kwamba kuna wanaohesabiwa bado wana domisili hata kama wako nje, kwa mfano anayefanya kazi ya serikali ya Marekani, au aliyetoka kwa muda tu na hakukata mizizi. Kama haumo kwenye makundi hayo, basi mnaonyesha nia ya kweli ya kurudi, na mdhamini awe anahamia huko kabla ya mwenzake au siku moja naye. Siyo lazima atangulie! Tulikuwa tumeshaanza kugombana nani abaki na watoto huku mwingine akatafute nyumba, kumbe mnaweza kupanda ndege moja.

Nia ya kurudi inaonyeshwa kwa vitu siyo maneno. Mume wangu aliweka akaunti yake ya benki ya Marekani ambayo hakuwahi kuifunga, barua ya dada yake kwamba tutafikia kwake na nakala ya bili ya umeme ya hiyo nyumba, imeili za maombi ya kazi pamoja na zile alizokataliwa, bei ya kampuni ya kusafirisha mizigo, na barua tuliyompa mwenye nyumba huku kwamba tunakusudia kuondoka. Wakili alizipenda hasa zile za kukataliwa kazi, anasema mtu anayeigiza hatengenezi imeili ya kunyimwa kazi.

Jambo jingine alilotuambia, na hili watu wengi linawaumiza, ni kwamba mdhamini mwenza haponyi domisili. Mnaweza kumpata mjomba mwenye kipato kikubwa akajaza I-864 yake kama mdhamini mwenza, na wala si lazima awe ndugu, raia au mwenye grinikadi, yani kadi ya ukaazi wa kudumu, anayeishi Marekani anatosha, lakini bado mume mwenyewe lazima ajaze ya kwake na bado lazima domisili yake isimame. Kwenye kipato kipimo ni asilimia 125 ya kiwango chao cha umaskini, kwa 2025 familia ya watu wawili ilikuwa dola 26,437 kwa mwaka, Alaska na Hawaii iko juu zaidi. Na mshahara wa huku hauhesabiwi kama utakatika mkihama, hata uwe mnono vipi. Kinachoweza kuziba pengo ni mali, akiba au nyumba inayouzika, na kwa mke au mume wa raia mali iwe mara tatu ya kilichopungua.

Kampuni wao I-864 yetu walituletea "imekamilika" na pale kwenye nchi ya domisili wameandika nchi tunayoishi sasa. Yani fomu inajikataa yenyewe! Wangeituma vile NVC ingerudi au intavyuu tungepewa ile karatasi ya 221(g), kwamba umekataliwa kwa sasa mpaka ulete kinachopungua. Nilipowaandikia wakarekebisha ndani ya saa chache bila kuuliza swali hata moja, nikajua hakuna mtu aliyekuwa anasoma.

Ngazi ya NVC ndipo walipozidi kupotea. Kule kuna ada mbili, dola 325 ya viza na 120 ya kupitia fomu ya mdhamini, na zinalipwa kupitia akaunti ya benki ya Marekani, unaingiza namba ya akaunti na ya benki, kadi hawataki. Mtu anayeishi nje miaka mingi bila akaunti huko anakwama hapo. Hawakutuonya. Ya mume wangu ilitusaidia, na ikawa ushahidi wa domisili juu yake, sasa wewe kama huna anza kulishughulikia mapema.

Halafu DS-260, fomu yangu mimi muombaji wa viza. Inataka anwani zote ulizoishi tangu ukiwa na miaka 16 na akaunti za mitandao ya kijamii ulizotumia miaka mitano iliyopita. Mimi niliyehamahama na wazazi, nimelala bweni, nimepanga chumba kimoja kimoja, nilikaa na mama kwenye simu tukikumbushana mitaa mpaka tunacheka. Kampuni wanajaza hii kwa malipo mengine, ila wao hawajui ulipoishi, wanakuuliza wewe halafu wanakopi. Jaza mwenyewe, na usiiache wazi ukaenda jikoni maana inakutoa.

Vyeti vya polisi navyo kwa sisi wa nje vinakuwa vingi, nchi ya uraia wako na unayoishi sasa kama umekaa miezi sita au zaidi, na nchi nyingine yoyote ulipokaa mwaka au zaidi baada ya kufikisha miaka 16. Kampuni walituorodheshea nchi moja tu. Wenye watoto wa ndoa ya kwanza ndio nawaonea huruma zaidi: mke au mume wa raia hambebi mtoto kwenye faili lake, kila mtoto anahitaji I-130 yake na ada yake, na kama ni wa kambo ndoa iwe ilifungwa kabla hajafika miaka 18. Kwenye maswali yao yote watoto wanaulizwa majina tu, hakuna panapokuambia hivyo.

Intavyuu ilikuwa fupi, na mume hakutakiwa kuwepo. Ofisa aliuliza tulikutana wapi, akapekua picha mbili tatu, halafu swali lililomkaa moyoni likawa mumeo anarudi lini na mtafikia kwa nani. Barua ya wifi ikatoka kwenye mkoba.

Kabla ya kusafiri kuna dola 235 nyingine za grinikadi, unalipa onlaini kwenye akaunti ya USCIS. Na angalia tarehe ya ndoa, mkiingia kabla ndoa haijatimiza miaka miwili unapewa kadi ya miaka miwili na masharti, itabidi mtume I-751, fomu ya kuondoa hayo masharti, ndani ya siku 90 za mwisho kabla haijaisha. Kampuni yetu tayari wameshanitumia imeili ya punguzo la hiyo I-751. Hela yetu ya mwanzo nimewaomba warudishe hata nusu kwa ajili ya ile I-864, wakajibu kwamba dhamana yao inahusu I-130 tu na I-130 yetu ilikubaliwa, kwa hiyo huduma imekamilika, na wangependa niwaachie maoni.