Programu ya kusimamia akaunti za wafanyakazi: ipi inafaa ofisi ya Arusha na Moshi

Kampuni ya safari Arusha, au ya kupandisha wageni mlimani kule Moshi, huajiri kwa msimu. Hai sizoni (msimu wa wageni wengi) ikiisha watu wanaondoka, ila akaunti zao za barua pepe na mfumo wa buking hubaki wazi mpaka mtu akumbuke. Kwa hiyo achana na mbwembwe za matangazo, uliza hivi: mtu akiacha kazi leo saa kumi jioni, itachukua dakika ngapi kumfungia milango yote?

1. Ile unayoilipia tayari. Ukitumia Google Workspace au Microsoft 365, kazi hii imo ndani, na kwa ofisi ya watu chini ya 50 inatosha. Ya Microsoft inaitwa Entra ID. Hadi 2023 ilikuwa Azure Active Directory. Toleo la bure linaweza kulazimisha hatua mbili za kuingia. Ukitaka masharti ya kina, mfano mhasibu asiingie akiwa nje ya nchi, unahitaji P1, toleo la kulipia la Entra ID, ambalo limo kwenye kifurushi cha Microsoft 365 Business Premium.

Wengi hukosea hapa: wanazuia akaunti na kudhani wamemaliza. Futa pia vipindi vilivyo wazi (pale ambapo simu au kompyuta yake tayari imeingia), na hata hapo baadhi ya programu zinaweza kuendelea kwa takriban saa moja, mpaka tokeni ya mwisho, yaani kibali cha muda ambacho programu imeshapewa, iishe muda. Mhasibu anayeachishwa kazi afungiwe kabla ya kuitwa kikaoni. Kwa Google, akaunti iliyosimamishwa bado inalipiwa. Hamishia mafaili kwa mwingine, kisha ifute. Una siku 20 za kuirudisha.

2. Okta. Ni huduma ya kulipia ya kuingia mifumo yote kwa akaunti moja. Inafaa hoteli yenye matawi na mifumo mingi isiyo ya kampuni moja. Kabla ya kusaini, uliza kila mwenye mfumo kama anapokea SAML au OIDC (njia za kuunganisha mfumo wake na akaunti hiyo moja), na kwenye kifurushi kipi. Wengi huiweka kwenye kile cha bei kubwa, na hapo ndipo bajeti hupasuka.

3. Keycloak. Hufanya kazi kama ya Okta, ila unaiendesha mwenyewe. Leseni ni bure, fundi si bure. Inataka seva, hifadhidata kama PostgreSQL, na mtu wa kuisasisha. Ukiiweka chini ya meza ofisini, umeme ukikatika hakuna anayeingia popote, hata kwenye mifumo iliyoko mtandaoni. Kodi seva nje ya ofisi.

Yoyote utakayochukua, usitegemee SMS. Laini huibwa kwa kusajiliwa upya, na dereva aliye porini hana mtandao. Programu ya namba sita zinazobadilika kila sekunde 30 haihitaji mtandao. Namba zikikataliwa, tazama kwanza saa ya simu: aliyeipanga kwa mkono huwa amepishana dakika kadhaa. Mapokezi, wanakopokezana kompyuta moja, wape funguo za FIDO2 (vifaa vidogo vya kuthibitisha anayeingia), mbili kwa kila mtu. Wasimamizi wakuu wawe wawili, na namba za akiba, za kuingilia simu au ufunguo ukipotea, zichapwe zikae kwenye sefu.

Kumbuka pia nakala za pasipoti za wageni zilizojaa kwenye barua pepe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika tangu Mei 2023, hivyo anayeziona awe ni yule tu anayezihitaji.

Kabla ya kulipia mwaka mzima, fungua akaunti ya majaribio, iingize kwenye simu moja na kompyuta moja, kisha ifunge zote zikiwa wazi. Shika saa.