Dokta wa mbwa anayekuja nyumbani, 30,000 yangu imeenda kihalali

Nipo Tabata, nina mbwa anaitwa Jeki, hawa hawa wa kwetu wa mchanganyiko, mkubwa na chanjo zote anazo. Kwa jirani kulikuwa na shughuli, watoto wakamtupia mabaki ya pilau na minofu ya mafuta tupu, kesho yake katapika na anaharisha ila maji anakunywa na mkia unatingishika. Sasa mtaani si kila mtu daktari, huyu mpe Flajili, yule mpe panadol, nikawapotezea nikampigia dokta wa mifugo mmoja anayefataga wateja majumbani.

Kwanza kachelewa mpaka nikakasirika, foleni ya Mandela mnaijua lakini basi hata simu upige jamani. Ila alivyofika hakukimbilia sindano, hicho ndo nilichompendea. Kampima joto huko nyuma ikasoma 38.7 mi nikajua homa hiyo, kumbe mbwa kawaida yao ni 38 na ushee mpaka 39 na kidogo. Akambonyeza fizi ikawa nyeupe ikarudi pinki fasta, akavuta ngozi ya shingoni ikarudi hapo hapo, akasema maji mwilini yapo, hili tumbo limevurugwa na mafuta tu.

Dawa yenyewe msosi: kuku wa kuchemsha bila ngozi wala mfupa, na wali mweupe ndo uwe mwingi, visiguswe na chumvi, mafuta wala kitunguu (kitunguu kinaharibu damu ya mbwa, na kwenye pilau kimejaa), unampa kidogo kidogo mara nne kwa siku, akishatulia ndo unamchanganyia chakula chake taratibu. Panadol na diklofenaki akasema usithubutu, zinaua. Flajili mbwa wanapewaga ila si kwa kila uharo, na anayeamua ni dokta.

Akanionya pia, ukiona damu, au anatapika mfululizo, au kalegea hataki hata maji, mpeleke siku hiyo hiyo, na kitoto ambacho hakijachanjwa ndo kabisa usikae unajaribu wali maana inaweza kuwa parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoua vitoto vya mbwa.

Jeki yuko fiti, choo kimekaza. 30,000 na usafiri humo humo, kuna watakaosema ghali kwa mtu ambaye hakuchoma hata sindano, mi naona ndo nilicholipia. Risiti hana, na Jumapili simu hapokei, hapo nimemkata nyota moja.