Umefikia Tembo House, Shangani? Hizi Hapa Sehemu za Kula kwa Miguu, Kuanzia Iliyo Bora

Kila sikukuu wapwa zangu wa Dar es Salaam wakivuka kwa boti kuja Zanzibar hufikia Tembo House, hoteli ya Shangani, Mji Mkongwe, na hawajamaliza kuvua viatu simu yangu inalia: "Shikamoo mjomba, tule wapi?" Wanataka chakula cha kawaida kisichodai teksi wala nguo za harusi, na wana watoto wasiojua kungoja. Nimeshawajibu kwa mdomo mara nyingi hata nimeona bora niandike. Huniuma kusikia mtu kalala siku tatu Mji Mkongwe, akarudi kwao kusimulia chipsi kuku.

Hoteli yenyewe ni mahali pazuri pa kuanzia. Katika karne ya 19 nyumba ile ilikuwa ya konseli wa Marekani, enzi za mkataba wa biashara ambao sultani wetu Sayyid Said aliutia saini na Wamarekani mwaka 1833. Wao walifuata pembe za ndovu na sandarusi, ule utomvu wa mti wa kutengenezea vanishi, wakatuletea kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Leo hotelini hakuuzwi pombe, na familia nyingi huichagua kwa sababu hiyo. Ukitoka mlangoni, bustani ya pwani ya Forodhani ni mwendo wa dakika chache, na nyuma yako vichochoro vyote vya mji viko wazi.

Kabla ya orodha, shikeni neno moja: chakula cha mji huu kina saa zake. Biriani ni ya adhuhuri, urojo ni wa alasiri, mishikaki ya pwani ni ya baada ya magharibi. Anayetafuta urojo saa nne asubuhi hataupata, na anayekula biriani saa tatu usiku amekula iliyokaa sufuriani tangu mchana. Wageni wengi humlaumu mpishi, kumbe walifika saa siyo. Kwa hiyo nimepanga kwa ladha kwanza, halafu uwazi wa bei, halafu umbali, lakini kila mahali nimewatajia na saa yake.

Ya kwanza: Lukmaan, Mkunazini

Kama mna mlo mmoja tu kabla ya boti ya kurudi, uwe huu. Kutoka hotelini katizeni Barabara ya Kenyatta, muingie vichochoroni kuelekea Soko Muhogo hadi Mkunazini. Ni kama robo saa kwa mwendo wa kuongea. Mkipotea, na mtapotea, ulizeni Lukmaan ilipo. Hakuna mtoto wa Mkunazini asiyeijua, na mbuyu mkubwa uliopo jirani utawahakikishia kuwa mmefika. Kanisa la Anglikana liko karibu, lile lililojengwa palipokuwa soko la watumwa baada ya soko kufungwa mwaka 1873. Piteni hapo kabla ya kula, kwa sababu ukishashiba hutakuwa na moyo wa kuyatazama yale.

Ninaipa nafasi ya kwanza kwa sababu ya namna ya kununua. Chakula kiko mbele yako, unakiona na mvuke wake, unaelekeza kidole, unaambiwa bei, unaamua. Mtu wa Bara, mtu wa Ulaya na mzee wa Mkunazini wanasimama mbele ya sufuria zile zile. Kwa mwenye familia hilo ni kubwa: mtoto anachagua kwa macho, na baba anajua hesabu kabla ya kukaa.

Chukueni wali wa nazi na pweza wa nazi. Pweza akiwa mzuri uma unaingia bila ubishi na mchuzi unashika wali, hautiririki. Asiyependa pweza achukue samaki wa kupaka, au pilau. Biriani ifuateni mapema, kabla watu hawajatoka kusali adhuhuri, na Ijumaa msiende kabisa kati ya saa sita na saa nane kasoro, maana mji mzima uko msikitini. Agizeni juisi ya ukwaju. Sahani ni kubwa. Watoto wawili wale moja.

Ya pili: urojo wa barazani

Hii ningeiweka ya kwanza kama ingekuwa na anwani. Urojo hauna jina la duka. Kuna mama ametoa meza kwenye baraza ya nyumba yake, ana sufuria ya rojo ya manjano, na pembeni ana mabakuli: viazi vya kuchemsha, bajia, kachori, mayai, mishikaki midogo, chipsi za muhogo, chatini ya nazi, pilipili. Rojo ni unga uliopikwa kwa manjano, ukali wake unatoka kwenye embe mbichi na ndimu. Kila kitu kinaingia bakuli moja, chipsi za muhogo zinamwagwa juu mwisho kabisa ili ziliwe zikiwa bado zinavunjika.

Saa yake ni kuanzia saa kumi alasiri mpaka karibu na magharibi. Mtajuaje uzuri wake? Tazameni vyombo vya wateja. Mahali ambapo watoto wametumwa na vibakuli na hotpoti za nyumbani, urojo ni mzuri, kwa sababu hakuna mama wa Kizanzibari atakayewalisha wanawe rojo ya ovyo kila siku. Mahali penye wateja wenye mabegi ya mgongoni peke yao, endeleeni kutembea. Tazameni pia viazi: kiazi kizuri kinakatwa na kijiko, hakirudishi maji.

Toeni salamu kwanza, bei baadaye. Hili nalisisitiza kwa wapwa zangu wa mjini, ambao wamezoea kusimama mbele ya muuzaji na kutamka "nipe" kama wanaamrisha mashine. Semeni "Assalaam alaykum" au "Shikamoo mama", na mtaona mshikaki wa nyongeza ukianguka bakulini wenyewe. Ombeni pilipili pembeni mara ya kwanza. Ya kwetu haina huruma. Kwa fedha, hiki ndicho kishibisho cha bei ya chini kuliko vyote nilivyovitaja.

Ya tatu: Forodhani usiku

Najua wengi wangeiweka juu kabisa. Ni karibu zaidi na hoteli, ina upepo, ina taa, ina bahari. Jina lenyewe linasema kazi ya zamani ya mahali pale, forodha, palipotozwa ushuru wa mizigo. Bustani ilitengenezwa miaka ya 1930 kwa jubilei ya Sultan Khalifa bin Haroub, na mwaka 2009 ilifunguliwa upya baada ya matengenezo yaliyofanywa na taasisi ya Aga Khan. Nendeni kabla ya magharibi muwaone vijana wa makachu wakijirusha baharini kutoka ukutani. Watoto wenu hawatataka kuondoka. Nyuma yenu kuna Ngome Kongwe, na Beit al-Ajaib, jumba la zamani la sultani, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Huwa siwezi kupita pale bila kusimama.

Nimeipa nafasi ya tatu kwa sababu Forodhani inamdai mnunuzi maarifa. Anayejua kununua anakula vizuri sana. Asiyejua analipa mara mbili kwa samaki aliyepikwa mapema kisha akapashwa moto. Basi fanyeni hivi.

Zungukeni bustani nzima mara moja mikono mitupu. Mtaitwa, mtaambiwa "karibu, kuonja bure". Jibuni "ahsante, narudi" na mwendelee. Angalieni meza ambazo wenyeji wamesimama, hasa wanawake wenye mabuibui waliokuja na familia zao. Mkichagua meza, ulizeni bei ya mshikaki mmoja mmoja, kabla haujagusa moto, na mrudie kwa sauti: "Huu elfu ngapi? Na huu?" Msikubali kujaziwa sahani kisha mkahesabiwa mwisho. Kuuliza bei kwanza ndivyo wanavyofanya wenyeji, wala hakuna atakayewaona wabahili.

Ulizeni ni samaki gani. Muuzaji anayejua kitu chake atasema changu, nguru, kolekole, jodari. Anayejibu "samaki tu" muachieni samaki wake. Kamba wakubwa wamepangwa mbele kwa ajili ya macho. Bei yao ni ya kupanda, na wakikaa motoni mara ya pili huwa kama mpira. Mimi huwaacha. Pweza mnunue kwa kalenda ya bahari: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa mbali na kina mama hutembea miambani kuwachokoa pweza, kwa hiyo siku hizo pweza ni wengi na wabichi. Siku za maji mafu, kuleni kitu kingine. Na kusi likivuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, wavuvi hawatoki kama kawaida, na bei ya samaki mtaiona inavyopanda.

Kitu kimoja pale sikikosi: supu ya pweza, kikombe kimoja, kwa ndimu na pilipili, mkiwa mmesimama. Halafu juisi ya miwa iliyokamuliwa mbele yenu pamoja na tangawizi na ndimu. Piza ya Zanzibar, ambayo ni ndugu wa mantabali, watoto wataipenda: chapati nyembamba iliyokunjwa na kujazwa nyama ya kusaga, yai na kitunguu, ikakaangwa juu ya chuma. Ombeni yenye nyama na yai, imtoshe mtoto mmoja. Za chokoleti ni za kufurahisha tu.

Februari, wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, bustani hufurika. Siku hizo tangulieni mapema au msiende.

Ya nne: Passing Show, Malindi

Mchana tu. Ni mkahawa wa watu wa kazi, karibu na bandari, unaojulikana kwa pilau na biriani. Kuleni haraka muwapishe wengine, kwa sababu meza zinangojewa. Naipenda kwa njia ya kuifikia kuliko hata chakula chenyewe: mnafuata barabara ya pwani kupita Forodhani, kasri la masultani, ule mtini mkubwa uliopandwa mwaka 1911 ambao chini yake waliwahi kuunda majahazi, na Dispensari Kongwe yenye roshani za mbao. Ni kama robo saa na ushei, na jua la saa saba ni kali. Kama mnaondoka kwa boti ya mchana, hapa ndipo pa kula, kwani bandari iko mkabala.

Ya tano: migahawa ya jirani na hoteli

Hii ni kwa siku ya mvua, au siku mama mmoja anapotaka kukaa kwenye kiti chenye mto na kuletewa. Archipelago iko hatua chache tu kutoka Tembo House, inatazama bahari, haiuzi pombe, na samaki wake wa nazi na keki zake haziaibishi. Mtalipa zaidi kuliko Mkunazini, na sehemu ya hela hiyo ni ya upepo na mandhari. Mkitaka kutazama jua likizama mkiwa juu, Africa House, iliyojengwa mwaka 1888 ikawa klabu ya Waingereza, ina ukumbi wa wazi unaotazama magharibi. Ila ile ni baa, kwa hiyo mwenye watoto apime mwenyewe. Mimi ningewapeleka ukutani Forodhani, jua ni lile lile.

Kahawa siipi nafasi kwa sababu si mlo, lakini usiku msirudi chumbani kabla ya kupita Jaws Corner, kiwanja kidogo cha wanywa kahawa, dakika tano tu kutoka hotelini. Muuzaji ana birika juu ya makaa na vikombe vidogo visivyo na masikio. Kahawa ni chungu, inashushwa na kipande cha kashata. Kaeni barazani, sikilizeni wazee wakibishana siasa na wakigonga dhumna. Wanawake wa kigeni hukaribishwa bila shida. Vaeni nguo za stara tu, kama popote mjini.

Noti ndogo ndogo zitafuteni asubuhi. Barazani na kwenye kahawa noti ya elfu kumi inamsumbua muuzaji, na akienda kutafuta chenji foleni nzima inamngoja.

Na Ramadhani orodha hii yote inapinduka. Mchana msile hadharani hata kama hamfungi. Jua likizama mji wote unafungua kinywa kwa tende na uji, halafu tambi, mkate wa kumimina, mihogo ya nazi, na Forodhani haichangamki mpaka watu watoke tarawehe. Wapwa zangu wakija mwezi huo siwaelekezi popote. Hufuturu kwangu, mkeka tunao mpana.