Makopo ya vibanio vinne: kubwa msinunue, madogo ndio yenyewe

Haya makopo ya plastiki yenye vibanio vinne na mpira kwenye mfuniko yamejaa madukani Chake Chake, huku kwetu Pemba, sasa hivi, kila muuzaji anakwambia hayaingii hewa. Mie sikununua kwa biskuti, nilinunua kwa maziwa ya unga ya mtoto wa ngawa. Ndio, ngawa huyohuyo, mnyama wa mwituni mwizi wa kuku, jirani yangu mpaka leo akinipita ananambia shoga unalea jambazi, akikua ataanzia banda lako. Vijana walimuokota kwenye mikarafuu, mamaake kauawa na mbwa, macho ndo kwanza yanafunguka. Tukawapigia watu wa misitu wakasema tukae nae mpaka waje, daktari wa mifugo akatukataza maziwa ya ng'ombe, akasema tafuteni ya unga ya vitoto vya paka, yanaitwa KMR. Nkaagizia Dar, likaja na boti kopo moja kwa bei ya kuuma roho.

Sasa maziwa yale yana mafuta mengi, usiyafananishe na unga wa maziwa ya chai. Kopo lenyewe limeandikwa, ukishafungua friji miezi 3 au friza miezi 6, na ukishayakoroga na maji yasizidi saa 24 na yawe ndani ya friji. Mie nkajifanya mjuaji, nkaliweka kabatini na mfuniko wake wa plastiki. Masika hiyo, hata chumvi mezani inalia maji. Wiki ya pili nafungua, mabonge matupu na harufu kama samli ya mwaka juzi! Nkamwaga huku nahesabu pesa, nkaagiza tena.

Ndo nkaenda kununua hili la vibanio la lita 3, shilingi 15,000. Kijana dukani ananambia "mama, hichi hata ukikitosa bandarini Mkoani maji hayaingii". Haya. Nimefika nyumbani nkatia karatasi ya chooni kavu ndani, nkafunga vibanio vyote, nkalizamisha kwenye ndoo na jiwe juu mpaka asubuhi. Pembe moja imerowa. Nkarudi, akanibadilishia bila ya maneno, hapo nampa haki yake.

La pili halikuvuja, lakini shida ikawa nyengine kabisa na hii si ya kopo, ni yangu. Kila mara nalitoa friza nafungua palepale nachota, joto la Pemba unalijua, unga wa baridi unakutana na hewa ya jikoni yenye mvuke wa chai, unatoka jasho. Ukifanya hivyo mara tano kwa siku ngawa akilia njaa, basi siku kumi mabonge yamerudi. Ndo nkafahamu kumbe kubwa halifai hata likiwa zima, nkanunua madogo matatu ya nusu lita, 4,000 kila moja, nkagawa. Mawili yamelala friza hayaguswi, moja la kutumia liko friji, likiisha natoa jengine naliacha limefungwa vilevile mpaka lipoteze baridi lote ndo nafungua. Yakhe, unga ukawa unamiminika kama mchanga wa pwani mpaka mwisho!

Madogo yenyewe yana kasoro zake. Kibanio kimoja kimekatika mwezi wa pili tangu ninunue, baridi ya friza inakifanya plastiki kiwe kama biskuti, kwa hiyo fungeni taratibu. Ule mpira utoeni kila mukiosha, chini yake panaota weusi. Na plastiki inashika harufu vibaya, moja nilikuwa nimeshaweka karafuu siku mbili tu, nimeliosha kwa limau, kwa magadi, kwa jua, bado, ngawa akanusa chupa akageuza uso. Harufu ya pweza wa friza lakini haikupita, mpira uliizuia.

Umeme ukikatika nayavika kanga na kuyabana katikati ya chupa za maji yaliyoganda, kisha sifungui tena friza, mara moja umeme ulikatika usiku kucha na unga haukuwa na neno. Yaliyokorogwa ndo sikuyahatarisha, nilimwaga.

Madogo nayapa nyota 4 kati ya 5, kubwa 2. Ngawa sasa anakula dagaa na watu wa misitu washamchukua, makopo mawili nimebaki nayo ya tangawizi. Kubwa kachukua mama, anatilia mchele.