Sarafu za fedha za Marekani: anza na nusu dola ya Franklin

Kwa mkusanyaji anayeanza, chaguo la kwanza ni nusu dola ya Franklin, iliyotolewa kuanzia 1948 hadi 1963. Seti nzima ni sarafu 35, na hata ile ya 1955, iliyotengenezwa chache kuliko zote, ilifikia karibu milioni 2.5. Ina gramu 12.5, asilimia 90 ikiwa fedha na iliyobaki shaba.

Kabla ya kulipa, geuza upande wa kengele. Juu ya boriti inayoishikilia tafuta herufi ndogo ya kiwanda kilichoitengeneza: D ni Denver, S ni San Francisco, isiyo na herufi ni Philadelphia. Sasa chukua lenzi utazame mistari myembamba iliyozunguka kengele kwa chini. Ikiwa imetimia bila kukatika, bei hupanda sana. Hapo ndipo 1953-S inapowanasa wengi: sarafu yenyewe haisumbui kupatikana, ila nyingi zilipigwa chapa hafifu, na zenye mistari kamili ni chache mno. Usiinunue kwa picha yenye ukungu.

Mfuko mdogo? Senti kumi za Roosevelt, 1946 hadi 1964, sarafu 48 za gramu 2.5 kila moja. Ni nafasi ya pili, na hukufunza macho kwa gharama ndogo.

Robo dola ya Washington (gramu 6.25) naiweka ya tatu kwa sababu ya 1932-D na 1932-S. Hazikufika nusu milioni kila moja, na matapeli hubandika herufi kwenye za Philadelphia. Anzia 1941 mpaka 1964, utalala usingizi.

Nusu dola ya Kennedy naiweka ya mwisho. Ya 1964 ni nzuri, asilimia 90. Za 1965 hadi 1970 ni asilimia 40 tu na gramu 11.5, kwa hiyo soma mwaka kabla ya kukubali bei.

Adui mkubwa ni sarafu iliyosuguliwa. Iinamishe polepole chini ya taa: mng'ao wa asili huzunguka kama mwale, iliyosuguliwa hung'aa kote sawasawa, na lenzi huonyesha mikwaruzo iliyolala upande mmoja. Thamani iliyopotea hapo hairudi. Pima kwa mizani ya sonara. Kwa senti kumi na robo dola, ukingo wenye mstari mwekundu wa shaba maana yake si fedha. Epuka vifuko vya plastiki laini, huacha utando wa kijani unaokula sarafu.